Saba Moja, Thamani Nyingi: Uhamaji kati ya Mifumo ya Kuhesabu Karata kwa Mzungumzaji wa Kiswahili, kwa Mfano wa Manyovu, Kigoma

IKISIRI

Makala haya yanafafanua kinachotokea mchezaji anapohama kutoka mfumo mmoja wa kuhesabu karata kwenda mwingine katika mchezo wa ishirini na moja, ambao katika kasino huitwa blekijeki. Hoja kuu ni kwamba ugumu wa kuhama haumo katika hesabu yenyewe, kwa kuwa hesabu hiyo ni ya kujumlisha na kutoa namba ndogo. Ugumu umo katika hali ambapo jina la karata linabaki lilelile huku thamani yake ikibadilika. Ili kuifafanua hoja hiyo, makala yanalinganisha mifumo ya Hi-Lo, KO, Halves na Hi-Opt II na mfumo wa pointi uliohifadhiwa katika msamiati wa karata wa Kiswahili, yaani ule wa wahedi wa sitini. Mfano wa Manyovu, mji wa mpakani ambamo watu hubadili lugha na fedha za kuhesabia katika shughuli za kila siku, unatumika kutofautisha uhamaji wa jina na uhamaji wa thamani. Makala yanaonesha kwamba kosa lilelile la karata ya saba humfanya mchezaji kuwa mwoga akihama upande mmoja, na kumtia hasara akihama upande wa pili. Mwisho, yanapendekeza nadharia tete inayoweza kupimwa: kwamba kuupa kila mfumo msamiati wake hupunguza makosa ya kuhama.

Istilahi muhimu: karata, wahedi wa sitini, blekijeki, uhamishaji hasi, Kiha, Manyovu

1.0 UTANGULIZI

Manyovu ni mji mdogo wa mpakani katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma. Uko katika Wilaya ya Buhigwe, iliyomegwa kutoka Wilaya ya Kasulu mwaka 2012, na unapakana na Mugina upande wa Burundi. Mkazi wa Manyovu aliyesoma shule ya msingi nchini Tanzania amejifunza kujumlisha na kutoa kwa Kiswahili, ilhali nyumbani amekulia katika Kiha. Jirani yake wa ng'ambo huzungumza Kirundi, lugha iliyo karibu sana na Kiha kiasi cha wasemaji wake kuelewana bila mkalimani. Naye, ikiwa amesoma, amekutana na hesabu kwa Kifaransa. Aliyefika sekondari upande wa Tanzania ameongezewa Kiingereza. Kwa hiyo, katika soko moja, kiasi kimoja cha maharage kinaweza kuhesabiwa kwa lugha tatu au nne kabla hakijafungwa kwenye gunia.

Wingi huu wa lugha haumchanganyi mfanyabiashara. Mswahili akisema saba na Mrundi akisema indwi, jina limebadilika, lakini idadi ya visado iliyo mbele yao ni ileile. Uhamaji wa namna hii ni uhamaji wa jina. Hali huwa tofauti pale neno moja linapobeba thamani mbili. Neno elfu ni mfano mzuri. Elfu ya shilingi za Tanzania si sawa na elfu ya faranga za Burundi, ingawa anayeitamka hutumia neno lilelile. Ndiyo maana mfanyabiashara wa mpakani huongeza jina la fedha pale panapoweza kutokea utata: elfu ya shilingi, elfu ya faranga. Uhamaji huu ni uhamaji wa thamani, na ndio unaohitaji tahadhari.

Makala haya yanaitumia tofauti hiyo kueleza jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza liko mbali na soko la Manyovu, yaani kubadili mfumo wa kuhesabu karata katika blekijeki. Manyovu haikuchaguliwa kwa sababu ya kasino. Imechaguliwa kwa sababu ni mahali ambapo aina zote mbili za uhamaji zinaonekana waziwazi katika maisha ya kawaida. Maswali yanayoongoza makala ni matatu. Je, ni nini hasa kinachobadilika mchezaji anapohama mfumo? Je, makosa ya kuhama yana uzito sawa katika kila mwelekeo? Na je, rasilimali za lugha alizonazo mzungumzaji wa Kiswahili zinaweza kumsaidia kuyaepuka?

2.0 HESABU ILIYOMO NDANI YA MSAMIATI WA KARATA

Kabla ya kuingia katika blekijeki, yafaa kutambua kwamba Kiswahili tayari kina mfumo wa kuhesabu karata, nao umefichwa katika majina. Neno karata lenyewe ni la asili ya Kireno, na vivyo hivyo turufu. Majina ya jamii nne za karata, yaani kopa, uru, pao na shupaza, yanalingana na copas, ouros, paus na espadas ya Kireno. Karata ya saba ina jina lake maalumu, seti, kutokana na sete, neno la Kireno lenye maana ya saba. Karata ya moja huitwa ree. Karata za picha huitwa mzungu wa pili kwa malkia, mzungu wa tatu kwa ghulamu, na mzungu wa nne kwa mfalme.

Asiyejua mchezo anaweza kudhani kwamba namba katika majina ya wazungu hao ni za mpangilio tu. Sivyo. Katika familia ya michezo ya Kireno iitwayo bisca, inayochezwa kwa karata 40 baada ya nane, tisa na kumi kuondolewa, karata ya moja ina pointi 11, saba ina pointi 10, mfalme 4, ghulamu 3 na malkia 2. Karata nyingine hazina pointi. Mzungu wa pili, wa tatu na wa nne, basi, ni majina yanayotaja pointi za karata husika. Anayejifunza majina hujifunza hesabu papo hapo.

Jumla ya pointi inathibitisha jambo hilo. Kila jamii ina pointi 11, 10, 4, 3 na 2, yaani 30. Jamii nne zina 120. Nusu yake ni 60, na anayepata 61 ameshinda kwa kuwa mwenzake hawezi tena kumfikia. Jina la mchezo wa wahedi wa sitini, unaojulikana pwani na visiwani, ni la Kiarabu na maana yake ni sitini na moja. Hivyo, jina la mchezo linataja lengo, na majina ya karata yanataja hatua za kulifikia. Huu ni mfumo kamili, wenye msamiati wa Kireno, Kiarabu na Kibantu, ambao mchezaji hufanya nao hesabu bila kuandika.

Sifa mbili za mfumo huu zina umuhimu katika sehemu zinazofuata. Kwanza, unahesabu kilicholiwa: mchezaji hujumlisha pointi zilizo mkononi mwake na kuzilinganisha na 61. Pili, seti ni karata kubwa, ya pili baada ya ree. Inapotoka na kuliwa na mpinzani, ni hasara.

3.0 MIFUMO YA KUHESABU KATIKA BLEKIJEKI

3.1 Chimbuko

Katika blekijeki mchezaji hushindana na mgawaji wa kasino. Lengo ni kukaribia 21 bila kuipita. Karata za picha zote huhesabiwa kumi, na karata ya moja huhesabiwa moja au kumi na moja. Mwaka 1956 Roger Baldwin na wenzake watatu walichapisha katika jarida la takwimu la Marekani mkakati wa msingi wa kucheza kila mgawo. Edward Thorp, mwanahisabati aliyetumia kompyuta ya IBM 704 katika chuo cha MIT, alikwenda mbele zaidi. Alionesha kwamba karata zilizokwisha kutoka hubadilisha uwezekano wa ushindi katika migawo inayofuata. Kitabu chake, Beat the Dealer, kilitoka mwaka 1962, na toleo la mwaka 1966 liliutangaza mfumo rahisi ambao leo huitwa Hi-Lo, uliotokana na kazi ya Harvey Dubner.

Msingi wa mifumo yote ni mmoja. Karata kubwa, yaani za kumi na za moja, zikibaki nyingi katika rundo, mchezaji hunufaika. Karata ndogo zikibaki nyingi, mgawaji hunufaika. Kwa hiyo mchezaji huongeza hesabu kila karata ndogo inapotoka na kuipunguza kila karata kubwa inapotoka. Hesabu ikiwa juu, huongeza dau. Tofauti na wahedi wa sitini, kinachohesabiwa hapa si kilicholiwa bali kilichobaki.

3.2 Thamani za karata

Jedwali la 1 linaonesha thamani za karata katika mifumo minne ya blekijeki na katika wahedi wa sitini.

Jedwali la 1: Thamani ya karata katika mifumo mitano

| Karata | Wahedi wa sitini | Hi-Lo | KO | Halves | Hi-Opt II |
|---|---|---|---|---|---|
| 2 | 0 | +1 | +1 | +0.5 | +1 |
| 3 | 0 | +1 | +1 | +1 | +1 |
| 4 | 0 | +1 | +1 | +1 | +2 |
| 5 | 0 | +1 | +1 | +1.5 | +2 |
| 6 | 0 | +1 | +1 | +1 | +1 |
| 7 | 10 | 0 | +1 | +0.5 | +1 |
| 8 | haimo | 0 | 0 | 0 | 0 |
| 9 | haimo | 0 | 0 | −0.5 | 0 |
| 10 | haimo | −1 | −1 | −1 | −2 |
| Malkia | 2 | −1 | −1 | −1 | −2 |
| Ghulamu | 3 | −1 | −1 | −1 | −2 |
| Mfalme | 4 | −1 | −1 | −1 | −2 |
| Moja | 11 | −1 | −1 | −1 | 0 |

Mifumo ya Hi-Lo, Halves na Hi-Opt II ni sawia: ukihesabu pakiti nzima ya karata 52, jumla ni sifuri. Katika mifumo hiyo, mchezaji hupata kwanza hesabu inayoendelea, kisha huigawa kwa idadi ya pakiti anazokadiria kuwa zimebaki, na hesabu iliyogawanywa ndiyo inayomwongoza. Mfumo wa KO, uliotangazwa na Olaf Vancura na Ken Fuchs mwaka 1998, si sawia. Kwa kuwa saba nazo zinahesabiwa +1, pakiti moja huacha +4. Ili kuepuka kugawanya, mchezaji wa pakiti sita huanza hesabu kwenye −20 badala ya sifuri, na huongeza dau hesabu inapofika −4.

3.3 Kwa nini mifumo haikubaliani kuhusu saba

Tofauti ya mifumo kuhusu saba haikutokea kwa bahati. Peter Griffin, katika kitabu chake cha mwaka 1979, The Theory of Blackjack, alikokotoa athari ya kuondoa karata moja moja kutoka katika pakiti. Kuondoa karata ya tano humwongezea mchezaji takriban asilimia 0.69, ambayo ndiyo athari kubwa kuliko zote. Kuondoa karata ya moja humpunguzia takriban asilimia 0.61, na kuondoa ya kumi asilimia 0.51. Nane haina athari ya kutajika. Saba iko katikati: athari yake ni takriban asilimia 0.28, pungufu kidogo kuliko ile ya mbili, ambayo ni 0.38.

Hivyo, anayeiita saba sifuri amekadiria kwa kushusha, anayeiita moja amekadiria kwa kupandisha, na anayeiita nusu amekaribia zaidi ukweli kwa gharama ya kuhesabu nusu. Hakuna aliyekosea. Saba imekaa mpakani kati ya karata ndogo na karata zisizo na upande, na kila mfumo umeuchora mpaka huo mahali pake.

3.4 Vipimo vya ubora

Griffin alipendekeza pia vipimo vya kulinganisha mifumo. Kimoja ni uwiano wa dau, kinachopima jinsi hesabu inavyobashiri wakati wa kuongeza dau. Kingine ni ufanisi wa uchezaji, kinachopima jinsi hesabu inavyosaidia kuamua kuongeza karata au kutulia. Hi-Lo ina uwiano wa dau wa 0.97 na ufanisi wa 0.51. KO ina 0.98 na 0.55. Hi-Opt II ina 0.91 na 0.67, hii ni kwa sababu inaipa karata ya moja sifuri. Katika dau karata ya moja ni kubwa mno, lakini katika maamuzi ya kucheza mara nyingi hufanya kazi kama karata ndogo. Mchezaji wa Hi-Opt II anayetaka kurudisha usahihi wa dau hulazimika kuhesabu karata za moja pembeni, yaani kushika hesabu mbili kwa wakati mmoja.

Jambo muhimu hapa ni kwamba katika meza ya pakiti sita faida kubwa hutokana na dau, wakati ufanisi wa uchezaji una uzito zaidi katika meza ya pakiti moja. Kwa mchezaji wa pakiti sita, kuhama kutoka Hi-Lo kwenda Hi-Opt II bila kuhesabu karata za moja pembeni kunaweza kuwa hasara hata kabla ya kosa lolote kutokea.

4.0 UCHAMBUZI WA UHAMAJI

4.1 Aina tatu za badiliko

Ukilinganisha safu mbili zozote za Jedwali la 1, badiliko la thamani huwa la aina moja kati ya tatu. La kwanza ni kuunganisha: karata zilizokuwa na thamani tofauti zinapewa thamani moja. Mzungu wa pili, wa tatu na wa nne, ambao katika wahedi wa sitini ni 2, 3 na 4, wote wanakuwa −1 katika Hi-Lo. La pili ni kutenganisha: karata zilizokuwa na thamani moja zinapewa thamani mbalimbali. Tatu, nne, tano na sita, zilizo +1 zote katika Hi-Lo, zinagawanyika katika Hi-Opt II kuwa +1 na +2. La tatu ni kugeuza: karata iliyokuwa ya upande mmoja inahamia upande mwingine, au inatoka kwenye kutokuwa na upande.

Kuunganisha ndiko kwepesi zaidi, kwa sababu mchezaji anasahau tofauti tu. Kutenganisha ni kugumu kiasi, kwa sababu anatakiwa kutazama tofauti ambayo awali alizoea kuipuuza. Kugeuza ndiko kugumu zaidi, kwa sababu mazoea ya zamani hayabaki kimya. Yanatoa jibu la haraka ambalo sasa ni potofu. Wataalamu wa ujifunzaji wa lugha ya pili huiita hali hii uhamishaji hasi.

Saba ni mfano kamili wa kugeuza. Kwa aliyekulia katika wahedi wa sitini, seti ikitoka mikononi mwa wengine ni habari mbaya. Katika KO, saba ikitoka ni habari njema. Aliyezoea mchezo wa kwanza hajifunzi thamani mpya tu. Anajifunza kufurahia kile alichozoea kukisikitikia.

Kwa kutumia jedwali, ukubwa wa badiliko unaweza kuhesabiwa. Kutoka Hi-Lo kwenda KO, daraja moja tu kati ya 13 hubadilika, nalo ni saba. Kutoka Hi-Lo kwenda Hi-Opt II, madaraja 8 kati ya 13 hubadilika: nne, tano, saba, kumi, picha tatu na karata ya moja. Lakini idadi pekee haitoshi kupima ugumu. Badiliko dogo huweza kuwa la hatari kwa sababu kila kitu kingine kinafanana na cha zamani, na mchezaji hapati ukumbusho kwamba amehama.

4.2 Karata nane, hesabu nne

Tuchukue karata nane zilizotoka kwa mfuatano huu: saba, saba, tano, mfalme, mbili, saba, moja, sita. Kwa pointi za wahedi wa sitini, jumla ni 10, 10, 0, 4, 0, 10, 11 na 0, yaani 45. Kwa Hi-Lo ni 0, 0, +1, −1, +1, 0, −1 na +1, yaani +1. Kwa KO ni +1, +1, +1, −1, +1, +1, −1 na +1, yaani +4; na kwa kuwa mchezaji wa pakiti sita alianza kwenye −20, sasa yuko kwenye −16. Kwa Hi-Opt II ni +1, +1, +2, −2, +1, +1, 0 na +1, yaani +5.

Karata ni zilezile, na aliyeziona ni yuleyule, lakini majibu ni 45, +1, −16 na +5. Hakuna hata moja kati ya namba hizo inayoweza kusomwa bila kujua mfumo wake, kama ambavyo elfu haisomeki mpakani bila kujua kama ni ya shilingi au ya faranga. Hata alama ya chanya au hasi haitoshi: −16 ya KO na +1 ya Hi-Lo zinaelezea rundo moja.

4.3 Mwelekeo wa kosa

Hapa ndipo penye jambo ambalo mijadala mingi ya ubora wa mifumo hulipita. Tuchukulie meza ya pakiti sita, ambapo nusu ya karata zimetoka na pakiti tatu zimebaki. Katika pakiti sita mna saba 24, kwa hiyo kwa wastani 12 zimekwisha kuonekana. Tuchukulie pia, kama ilivyo katika meza nyingi, kwamba mchezaji wa mkakati wa msingi ana upungufu wa asilimia 0.5 hesabu ikiwa sifuri, na kwamba kila +1 ya hesabu iliyogawanywa ya Hi-Lo humwongezea takriban asilimia 0.5.

Mchezaji wa kwanza anahama kutoka Hi-Lo kwenda KO, na mazoea yake yanaendelea kuiita saba sifuri. Kwa wastani angepaswa kuwa kwenye −8, lakini yuko kwenye −20. Ili afike −4, atahitaji rundo lililo tajiri kupita kiasi. Matokeo ni kwamba karibu hataongeza dau kabisa. Kama dau lake ni shilingi 10,000, anaendelea kupoteza kwa wastani shilingi 50 kwa kila mgawo, sawa na mtu asiyehesabu. Amepoteza fursa, fedha zake hazijapungua kwa kasi zaidi.

Mchezaji wa pili anahama kutoka KO kwenda Hi-Lo, na mazoea yake yanaendelea kuiita saba +1. Kwa wastani angepaswa kuwa kwenye sifuri, lakini yuko kwenye +12. Anagawanya kwa pakiti tatu na kupata +4. Anaamini kwamba ana faida ya asilimia 1.5, kumbe ana upungufu wa asilimia 0.5. Akipandisha dau hadi shilingi 80,000, anapoteza kwa wastani shilingi 400 kwa kila mgawo. Katika migawo 60, wastani wa hasara ni shilingi 24,000, ambapo asiyehesabu kabisa angepoteza shilingi 3,000. Kosa ni lilelile, juu ya karata ileile, lakini upande mmoja limezaa woga na upande mwingine limezaa ujasiri usio na msingi.

Kuna pia kosa la tatu, la mahali pa kuanzia. Anayehama kwenda KO akasahau kuanza kwenye −20, akaanza kwenye sifuri kama alivyozoea, tayari yuko juu ya −4 kabla karata ya kwanza haijagawiwa. Ataongeza dau tangu mgawo wa kwanza hadi wa mwisho. Kosa hili linafuta usahihi aliopata kwa kuikumbuka saba.

Kutokana na hayo, kanuni inaweza kuelezwa hivi: kabla ya kuhama, mchezaji asijiulize tu ni kiasi gani mfumo mpya unaushinda wa zamani kwa vipimo. Ajiulize pia makosa ya mazoea yatasukuma hesabu upande gani. Tofauti ya uwiano wa dau kati ya 0.97 na 0.98 ni ndogo mno ikilinganishwa na gharama ya saba 12 zilizohesabiwa vibaya.

5.0 LUGHA KAMA KIFAA CHA KUTENGANISHA MIFUMO

Mfanyabiashara wa Manyovu hakuondoa utata wa elfu kwa kufanya mazoezi ya hesabu. Aliuondoa kwa lugha, kwa kulibandika neno lebo inayotaja mfumo wake. Swali ni kama mbinu hiyo inafaa katika karata.

Mzungumzaji wa Kiswahili ana hazina ambayo wachezaji wengi hawana. Karata moja ina majina mawili yaliyo hai katika lugha yake: seti na saba. Kwa mkazi wa Manyovu majina ni zaidi, kwa kuwa anaweza kuongeza jina la Kiha au indwi ya Kirundi. Majina haya kwa kawaida huonekana kama visawe. Katika kuhesabu karata yanaweza kupewa kazi tofauti: seti ibaki katika wahedi wa sitini na pointi zake kumi, saba itumike katika Hi-Lo ikiwa haina thamani, na indwi itumike katika KO ikiwa na +1. Kwa njia hiyo uhamaji wa thamani, ulio mgumu, unageuzwa kuwa uhamaji wa jina na thamani kwa pamoja. Jina jipya haliburuzi mazoea ya zamani.

Pendekezo hili ni nadharia tete, na linaweza kupimwa kwa urahisi. Washiriki wanaojua lugha mbili wafundishwe mfumo mmoja hadi waumudu, kisha wahamishiwe mwingine. Kundi la kwanza lihesabu mfumo wa pili kwa lugha ya mfumo wa kwanza. Kundi la pili lihesabu kwa lugha nyingine. Kinachopimwa ni idadi ya makosa katika karata zilizobadilika thamani, mwelekeo wa makosa hayo, na muda wa kuhesabu pakiti moja. Jaribio halihitaji kasino wala fedha. Linahitaji pakiti ya karata na saa. Ikiwa nadharia tete ni sahihi, kundi la pili litafanya makosa machache katika karata za kugeuza, ingawa huenda likawa polepole mwanzoni. Pingamizi moja linapaswa kuzingatiwa katika usanifu wa jaribio: watu wengi hukokotoa kwa haraka zaidi katika lugha waliyofundishiwa hesabu shuleni, ambayo kwa Mtanzania wa shule ya msingi ya serikali ni Kiswahili. Hivyo, faida ya kutenganisha inaweza kumezwa na upungufu wa kasi. Jaribio lazima litenganishe athari hizo mbili.

Umuhimu wa swali hili unavuka meza ya karata. Mwanafunzi anayetoka Kiswahili cha msingi kwenda Kiingereza cha sekondari hukutana na majina mapya yenye thamani zilezile, na pia majina yaleyale yenye thamani mpya. Kuyatofautisha makundi hayo mawili ni sharti la kujua wapi pa kuweka nguvu za ufundishaji.

6.0 MIPAKA YA HESABU

Uchambuzi ulio juu unahusu meza ambayo karata zilizotoka hazirudi hadi zichangwe upya. Sharti hilo likikosekana, hakuna mfumo unaofaa, na mjadala wa kuhama hauna maana. Mashine zinazochanga karata mfululizo hurudisha karata zilizotumika ndani ya rundo, kwa hiyo hesabu haijengeki. Michezo ya blekijeki ya simu na kompyuta inayotumia namba za bahati nasibu huchanga upya kila mgawo. Humo saba iliyotoka haisemi lolote juu ya karata inayofuata. Hili linapaswa kusemwa wazi, kwa kuwa kijana wa mji mdogo ana uwezekano mkubwa zaidi wa kukutana na blekijeki kwenye simu kuliko kwenye meza ya kasino. Anayeuziwa mfumo wa kuhesabu kwa ajili ya mchezo wa simu wa aina hiyo anauziwa kitu kisichofanya kazi.

Aidha, hata katika meza inayofaa, faida ya mhesabuji hodari ni ya asilimia ndogo, na mtiririko wa bahati mbaya huweza kumaliza mtaji wake kabla faida hiyo haijaonekana. Nchini Tanzania michezo hii inasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha chini ya Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, Sura ya 41, na hairuhusiwi kwa walio chini ya umri wa miaka 18. Makala haya yanaichukua hesabu ya karata kama kielelezo cha ujifunzaji, wala hayaipendekezi kama njia ya kipato.

7.0 HITIMISHO

Makala yameonesha kwamba kuhama mfumo wa kuhesabu karata ni kuhama kwa thamani chini ya majina yasiyobadilika. Mabadiliko hayo ni ya aina tatu, yaani kuunganisha, kutenganisha na kugeuza, na ya tatu ndiyo inayozalisha uhamishaji hasi kwa wingi. Yameonesha pia kwamba mwelekeo wa kuhama una uzito kuliko tofauti ya vipimo: kutoka Hi-Lo kwenda KO, kuisahau saba humzuia mchezaji, kutoka KO kwenda Hi-Lo, kuikumbuka saba humfilisi. Hatimaye, msamiati wa karata wa Kiswahili, unaobeba pointi za wahedi wa sitini ndani ya majina yake, unathibitisha kwamba jina na thamani vinaweza kufungwa pamoja kwa makusudi.

Mapendekezo ni mawili. Watafiti wa leksikografia waorodheshe majina ya karata pamoja na pointi zake, kwa kuwa kamusi inayoeleza mzungu wa tatu kuwa ghulamu bila kutaja tatu hiyo ni ya nini imeacha nusu ya maana. Nao watafiti wa isimusaikolojia wafanye jaribio lililopendekezwa katika sehemu ya 5.0, na maeneo ya mpakani kama Manyovu yapewe kipaumbele, kwa kuwa wakazi wake tayari wanafanya kila siku ya soko kile ambacho jaribio hilo linataka kukielewa.